Ryzen 5 5600G au Core i5-12400: Soma Herufi ya Mwisho Kabla Hujalipa

Niliponunua prosesa, yaani chipu inayoendesha kompyuta, kwa ajili ya kompyuta yangu ya kazi katika duka moja la Kariakoo, niliomba Core i5-12400 na nikalipa bei ya Core i5-12400. Usiku huo niliunganisha kila kitu na kuwasha. Feni zikazunguka, taa za ubao mama (ubao unaounganisha vifaa vyote) zikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Nilibadilisha waya wa HDMI, nikaazima skrini ya jirani, nikachomoa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kuirudisha mara tatu. Kulipopambazuka nilifungua feni, nikafuta grisi ya kupozea kwa pamba, na hapo ndipo niliposoma maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha chuma: i5-12400F.

Kwa Intel, herufi F maana yake prosesa haina sehemu ya kutoa picha. Tundu la HDMI la ubao mama lipo, ila hakuna kinacholiletea picha, na asiye na kadi ya picha, yaani kifaa cha kando cha kutoa picha, hataona chochote hata kama vifaa vyake vyote ni vipya. Ndiyo sababu naanza na herufi, si na kasi.

Prosesa mbili ninazozilinganisha, Core i5-12400 ya Intel na Ryzen 5 5600G ya AMD, zina viini 6 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 12 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja) kila moja, na zote hufika GHz 4.4, yaani mipigo bilioni 4.4 kwa sekunde, kwa hiyo muuzaji anayekuhesabia viini na GHz bado hajakuambia lolote la kukusaidia kuchagua. Ni kweli kwamba kiini cha 12400, iliyotoka Januari 2022, hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo kuliko kiini cha 5600G, iliyoingia madukani Agosti 2021. Kashe ya 12400, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa, pia ni MB 18 dhidi ya MB 16, na atakayefunga kadi kubwa ya picha ataifaidi zaidi, kwa kuwa 5600G imeishia PCIe 3.0, toleo la zamani zaidi la njia inayounganisha kadi na prosesa. Lakini mimi hupanga kurasa za vitabu na kusafisha picha za harusi, na katika kazi hizo sijawahi kuisubiri 5600G kwa muda ambao ningesubiri pungufu kwenye 12400.

Kwa mtu asiye na kadi ya picha, naiweka 5600G nafasi ya kwanza bila kusita, na sifichi kwamba AMD ndiyo kampuni ninayoipenda. Sehemu ya picha iliyomo ndani yake, Radeon Vega yenye vitengo 7 vya kuchora picha, inaiacha mbali UHD 730, sehemu ya picha iliyomo ndani ya 12400 ya Intel. Tatizo ni kwamba Vega haina kumbukumbu yake yenyewe. Huazima RAM ya kompyuta, na wauzaji wengi hukufungia kipande kimoja cha GB 16 kwa sababu ndicho kilicho karibu na mkono. Dai vipande viwili vya GB 8, vikae katika nafasi zilizoelekezwa na kitabu cha ubao mama, ili data ipite njia mbili kwa pamoja. Kwenye kompyuta ya mdogo wangu tuliongeza kipande cha pili, na mchezo wa mpira uliokuwa ukikwamakwama kila mchezaji anapokaribia goli ukaenda vizuri jioni ileile.

Nafasi ya pili ni i5-12400 isiyo na herufi yoyote. UHD 730 inatosha kabisa kwa hati, mahesabu na video, na ukija kununua kadi ya picha baadaye utakuwa na msingi bora kuliko wa 5600G. Ya tatu ni 12400F, nayo ni ya mtu ambaye kadi ya picha tayari iko mezani kwake.

Za bei ya chini nitazitaja kwa ufupi: i3-12100 ina viini 4 na inatoa picha, inafaa kwa ofisi. Ryzen 5 5500 iogope ikiwa huna kadi, kwa maana haitoi picha na wala haina F ya kukuonya. Katika kizazi hicho cha AMD, ni G ndiyo inayokuhakikishia picha.

Kinachoniuma ni bei. Wakati zinatoka, bei elekezi ya Intel ilikuwa dola 192 kwa 12400 na dola 167 kwa 12400F. Dola 25 hizo zilikuwa haki yangu, na juu yake nikalazimika kununua kadi ya picha iliyotumika ili nione skrini tu. Niliporudi dukani niliambiwa kwamba prosesa iliyokwisha kupakwa grisi hairudishwi, na risiti yangu haikuweza kunitetea, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa "prosesa i5, moja". Kwa maandishi hayo hata i5 ya mwaka 2012 ingekuwa halali.

Nilipomnunulia mdogo wangu, nilikwenda duka jingine, nikaomba boksi lifunguliwe mbele yangu, nikasoma kifuniko cha chuma kikiwa bado hakijapakwa kitu, kisha nikamwomba muuzaji aandike "Ryzen 5 5600G" kwenye risiti kabla sijatoa fedha. Aliandika mara moja, bila kuuliza sababu.