pybind11: Bando Halitaisha, ila Chunga Shilingi Zako

Haya, habari zenu, karibuni tena chaneli. Wa Kampala, wa Arua, wa Mbale, na majirani zetu wa Busia pande zote mbili za mpaka. Kama ni mara yako ya kwanza, jiunge kwanza, mengine tutaelewana. Leo ni pybind11, maktaba huria inayoiwezesha Python kuita kodi ya C++. Kwa nini utake hivyo sielezi. Ukishawahi kusubiri Python imalize kitanzi cha mamilioni ya hesabu, unajua.

Nina furaha nayo na nina hasira nayo. Furaha kwanza, maana inahusu pesa. Maktaba hii yote ni faili za heda, yaani kodi unayoijumuisha moja kwa moja ndani ya kodi yako. Hakuna cha kujenga kabla ya kuanza: unaziita ndani ya kodi yako, kompaila, ile programu inayogeuza kodi ya C++ iweze kuendeshwa, inamaliza. Ukiishusha kwa pip, kisakinishi cha Python, haifiki megabaiti moja. Sasa linganisha na Boost.Python, maktaba ya zamani zaidi ya kazi hiyohiyo, ambayo ndiyo iliyompa Wenzel Jakob mfano wa kufuata alipoanza pybind11 mwaka 2015. Ile inakuja na ukoo mzima wa Boost, mkusanyiko mkubwa wa maktaba za C++, na kifurushi cha kodi yake, hata kikiwa kimebanwa, kinapita megabaiti 100. Na hapa Uganda tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ukubwa wa faili si bei. Yenyewe ni bure, leseni ya aina ya BSD, ukitaka kuuza programu uliyoijenga nayo, uza.

Kusakinisha, twende haraka. Kwenye Ubuntu:

sudo apt install build-essential python3-dev python3-venv

Usiiruke python3-dev. Ukiiruka, kompaila itasema haioni Python.h na utaanza kuitukana pybind11 bure. Halafu Ubuntu za sasa hazikubali pip iguse Python ya mfumo. Ile --break-system-packages mnayotumiana kwenye magrupu, achaneni nayo. Tengeneza mazingira yako:

python3 -m venv kazi
source kazi/bin/activate
pip install pybind11 numpy

Kodi yangu ya C++ iko kwenye faili inaitwa bei.cpp. Kuikompaili ni mstari mmoja, huo hapo kwenye skrini, usimamishe video uunakili:

c++ -O3 -shared -std=c++17 -fPIC $(python3 -m pybind11 --includes) bei.cpp -o bei$(python3-config --extension-suffix)

Jina la ndani ya PYBIND11_MODULE, pale kwenye kodi unapoitaja moduli yako, lifanane na jina la faili inayotoka. Mimi ni bei na bei. Yasipofanana, import inagoma. Basi, imeisha, hakuna kingine.

Sasa hasira. Sogeeni.

Tuseme tunamwandikia programu mnunuzi wa kahawa pale Masaka. Ana orodha ya bei za kiboko, ile kahawa iliyokaushwa na maganda yake, kwa kilo, anataka kuzipandisha zote kwa asilimia 10. Kwenye C++ naandika kazi (function) inaitwa pandisha, inapokea std::vector<double>& bei. Mnaiona hiyo alama ya &? Kwa mtu wa C++ maana yake ni kwamba naishika orodha yenyewe. Nazidisha kila bei kwa 1.1, nakompaili, haina neno. Naingia Python, naweka 5000, 6000, 7000, naita pandisha. Naichapisha orodha. 5000, 6000, 7000.

Banange! Hakuna kosa, hakuna onyo, na hakuna kilichopanda.

Kilichotokea ni hiki. pybind11/stl.h, heda niliyoiweka juu ya kodi, inachukua orodha ya Python, inaunda vekta mpya, yaani orodha ya C++, inanakili kila namba, C++ inapandisha ile nakala vizuri kabisa, halafu nakala inatupwa. Na ukisahau kabisa kuiweka hiyo stl.h, inakuja TypeError inayokuuliza kama umeisahau. Hapo nawapongeza, ujumbe mzuri sana. Lakini ukiiweka, kimya!

Mtaniambia, tumia numpy, maktaba ya Python ya safu za namba. Sawa, tutumie. Nabadilisha kazi ipokee py::array_t<double>, nakompaili tena. Nasubiri... kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, hizi templeti zinaila vibaya, nitalirudia hilo. Haya. Naandika np.array([5000, 6000, 7000]), naita pandisha, nachapisha. 5000, 6000, 7000. Tena!

Na hapa ndipo sisi hasa tunapoumia. Nani Uganda anaandika senti? Shilingi zetu tunaziandika nzima, kwa hiyo numpy inaona namba kamili, si double, yaani namba ya desimali. Na array_t, usipoikataza, inageuza aina ya namba kimyakimya, yaani inatengeneza nakala nyingine. Mwenye dola zake anaandika 2.50, kwake inafanya kazi, wala hajui kuna shimo. Dawa yake, unapofunga kazi kwenye moduli, ongeza py::arg("bei").noconvert(). Tazama sasa: TypeError, inakataa namba kamili waziwazi. Naweka dtype=float, naita, 5500, 6600, 7700, ukipuuza videsimali vya mkiani. Hiyo noconvert ingekuwa ndiyo kawaida, na anayetaka kunakiliwa aombe. Huo ndio msimamo wangu, bishaneni nami kwenye maoni.

Wa SWIG, zana nyingine ya kuunganisha C++ na lugha nyingine, nawasikia. SWIG ipo tangu miaka ya 1990 na inahudumia lugha nyingi, Java, Ruby, Perl, hata Lua. Kama kodi yako ya C++ inatakiwa Java na Python pamoja, pybind11 haikusaidii, nenda SWIG. Kwa Python peke yake mimi sirudi huko. Yale mafaili ya .i, ya kuielekeza SWIG cha kuunganisha, yananichosha.

Na ile habari ya RAM: Wenzel huyohuyo ametoa nanobind, maktaba nyingine ya kazi hiihii. Wenyewe wanasema inakompaili haraka mara nne hivi kuliko pybind11, na faili zinatoka ndogo. Inataka C++17. Nitaijaribu kwenye kompyuta hiihii, na data hiihii ya kahawa, video ijayo. Wa Windows, mmeniomba sana, yenu inakuja baada ya hiyo. Aliyeuliza kuhusu maikrofoni, ndiyo, ni mpya, niliinunua mtumba. Bonyeza kengele.