TAHADHARI MALINDI: "Prodyuza" anayechukua kianzio akabaki na sauti zenu

Wenzangu wa Malindi, Watamu, Gede na Mambrui, na hasa nyinyi wa vikundi vya ngoma, kwaya, kasida, na vijana mnaoimba peke yenu: kuna jamaa anazunguka akijiita prodyuza. Anachukua pesa, anarekodi, halafu kazi haitoki, au inatoka kwa jina lake. Jina siliandiki kwa sababu hubadilisha kila akihama nyumba. Mjueni kwa mwendo wake.

Hupanga chumba kwa mwezi mmoja au miwili. Alikuwa Maweni, akahamia upande wa Muyeye, na sasa nasikia anatafuta nafasi Watamu. Ukutani hubandika trei za mayai, mezani ana laptopu na maiki yenye taa ya rangi, na nje hakuna kibao. Trei za mayai hazizuii sauti, bodaboda ikipita inaingia kwenye maiki yote. Lakini hilo si kosa, wengi wetu tulianzia kwenye chumba cha namna hiyo. Ubaya uko kwenye ahadi: nyimbo sita, miksi (kuchanganya na kusawazisha sauti), mastaringi (kuumalizia wimbo uwe tayari kutoka), video na kupandishwa mitandaoni, yote kwa shilingi 30,000, nusu mbele kwa M-Pesa. Pesa hiyo haitoshi hata kwa video peke yake.

Kazi yangu mimi ni kumiksi, ndiyo maana haya yananifikia. Watu wakishakwama naye huja na flashi wakiniomba niwaokolee kazi. Walioniuma moyo zaidi ni kina mama wa kikundi kimoja cha mwanzele, ngoma yetu ya jadi, kutoka Ganda, waliotoa pesa ya chama chao. Walipiga kayamba wenyewe, ngoma wenyewe, mchana kutwa kwenye joto, feni imezimwa isije ikaingia kwenye maiki. Baada ya wiki kadhaa akawapa faili moja ya WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa, kwa kila wimbo, akawaambia hiyo ndiyo masta ya kimataifa.

Nilipoweka hedifoni, kayamba haikuwa kayamba. Kayamba ya kweli utasikia mbegu zikiteleza ndani ya matete, punje kwa punje, sauti kali inayopanda juu sana. Ile ilisikika kama mtu anasukutua maji. Nikaifungua kwa Audacity, programu ya bure ambayo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua, nikabadilisha mwonekano kutoka mawimbi kuwa spektogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nzito chini na sauti kali juu. Wimbo mzima ulikuwa umekatwa sawasawa kwenye 16 kHz (kipimo cha ukali wa sauti), na juu ya hapo patupu, mwanzo hadi mwisho. Ukata wa mstari ulionyooka namna hiyo ni alama ya MP3, faili ya sauti iliyopunguzwa, iliyobanwa sana, aghalabu ya 128 kbps (kiasi cha data kwa sekunde), ikageuzwa kuwa WAV ili ionekane ya maana. Msidanganyike na ukubwa wa faili. WAV ya ubora wa CD hula takriban MB 10 kwa dakika, MP3 ya 128 kbps hula karibu MB 1. Ukiigeuza MP3 kuwa WAV itavimba mpaka MB 10 zilezile, lakini kilichopotea hakirudi.

Kwenye nyimbo mbili ngoma zao ziliondolewa kabisa, zikawekwa za kompyuta. Mzee anayewapigia ngoma alisikiliza mpaka katikati, akavua hedifoni, akaniuliza, "Sasa mimi niko wapi hapa?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa hapa shikeni sana. Rekodi iliyofanywa sawasawa si faili moja. Kila maiki ina treki yake: sauti ya kiongozi peke yake, waitikiaji peke yao, kayamba, ngoma. Mkiwa na treki hizo, fundi mwingine yeyote anaweza kumiksi upya hata baada ya miaka kumi. Msipokuwa nazo, mmefungwa kwa aliye nazo. Jamaa analijua hilo, na hapo ndipo anapowakamua watu. Kina mama walipodai treki, kwanza hadidiski ilikuwa imekufa. Baadaye ikapona, lakini kuokoa kilichomo ni shilingi 8,000. Walipotuma, simu ikazimwa. Kijana mmoja wa Barani amenieleza hadithi ileile, hadidiski kufa na kupona, ila yeye aliombwa pesa zaidi.

Kwa hiyo siku ya kurekodi nendeni na flashi au hadidiski yenu. Kabla hamjatoka mlangoni, treki zote ziwe zimenakiliwa humo, kisha mzifungue kwenye kompyuta nyingine kabla ya kulipa salio. Kuna studio za haki zinazotoza kidogo kutoa treki, na wana sababu zao, lakini bei hiyo husemwa siku ya kwanza, haizuki baadaye. Na kazi ya mwisho msipokee kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana hiyo imeshabanwa. Itumwe kama dokyumenti, au mwende nayo kwenye flashi.

Kuna karatasi pia. Huizungusha baada ya chai, watu wamechoka, ina safu ya majina na saini, na kina mama walidhani ni ya mahudhurio. Juu yake, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, imeandikwa kwamba haki zote za rekodi anapewa yeye. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haikubali haki ihamishwe kwa mdomo, lazima pawe na maandishi na saini ya mwenye mali, ndiyo maana anazitafuta sana saini zenu. Msitie saini karatasi ambayo hakuna kati yenu aliyeisoma yote na kuwaeleza wenzake. Mashairi na sauti mlizotunga ni mali yenu tangu siku mlipoziandika au kuzirekodi. Kuandikisha KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kunawapa ushahidi, lakini si kuandikisha kunakowapa haki. Na zile nyimbo za kurithi, za mababu, zina sheria yake ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Mtu kuja kurekodi mwanzele wa wazee wetu halafu akauandika mtandaoni kuwa utunzi wake ni jambo la kutisha, na amelifanya. Nimeuona wimbo huo kwa macho yangu.

Hapo ndipo ahadi ya kupandishiwa nyimbo mitandaoni inapouma. Akaunti ya usambazaji, ile inayopeleka nyimbo huko, ikiwa yake, pesa huingia kwake. Fungueni yenu wenyewe, kwa barua pepe yenu na namba ya simu ya mtu mnayemwamini.

Kwa vijana wa rapu na wa nyimbo za mapenzi, nyinyi anawauzia biti, yaani muziki wa kuimbia juu yake. Anawaambia ametengeneza usiku kucha. Nimezikuta mbili kati ya hizo YouTube, ni biti za kukodishwa, ambazo mtu yeyote anaweza kulipia na kuimbia. Leseni za namna hiyo aghalabu zinakataza kuiweka kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua sauti iliyosajiliwa kwenye video za wengine, na mwingine akikiuka, wimbo wako ndio utakaodaiwa. Kabla ya kulipa, mwambie afungue mradi wa biti mbele yako, azime besi, azime kinanda, kimoja kimoja. Aliyeitengeneza hawezi kushindwa. Aliyeipakua aghalabu ana faili moja tu.

Ziada ya shilingi 3,000 ya "mastaringi ya sauti kubwa" pia mkataeni. Spotify hushusha nyimbo zilizosukumwa sana hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kinachobaki ni sauti iliyominywa.

Mliokwisha kuliwa pesa, msifute chochote. Wekeni ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp, hata noti za sauti. Ripotini polisi mpate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Ulizeni ofisini pale mahakama ya Malindi mwelekezwe. Mkienda watu kadhaa wenye ushahidi wa namna moja, itakuwa vigumu kwake kusema ni kutoelewana tu.

Mwenye faili zake na hana hakika nazo, anitumie ujumbe hapahapa kisha alete flashi. Nitaifungua mbele yake na kumwonyesha picha ya spektogramu, bila malipo. Na kina mama wa Ganda wanatafuta yeyote aliyekuwa chumbani siku ile ya kurekodi na akachukua video kwa simu. Kama unayo, hata ya dakika moja, tafadhali jitokeze, wanaihitaji kwa kesi.