Magisk na LSPosed kwenye romu ya kampuni, mie nimezipa nyota nne

Jamani wenye simu zilojaa makorokoro ya kampuni hadi hujui simu ni yako au yao, hizi Magisk (ya kuruti simu, yaani kujipa mamlaka yote juu yake) na LSPosed (ya kugeuza apu zinavofanya kazi) mie nazisifu. Nyota nne kati ya tano, hiyo moja ntasema kwanini nimeikata.

Yangu ni katika hizi tunazonunua Darajani, kamera yake mashallah, ila programu yake inachosha, matangazo hadi kwenye mafaili, apu hazifutiki, saa ipo kushoto na haihamishiki. Wengi watakwambia flashi romu nyengine, yaani pakia mfumo mwengine mzima wa simu, umalize kazi. Sawa, lakini ukishaitoa romu ya kampuni mara nyingi na kamera yake inaondoka nayo, ukenda Forodhani usiku picha zinatoka utasema umepiga na kandili. Huku romu inabaki palepale, unageuza kile kinachokukera tu.

Magisk inajibandika kwenye faili la kuwashia simu, yaani buti, sistimu yenyewe haiguswi. LSPosed ndo mrithi wa ile Xposed ya 2012 ya mtengenezaji anaejiita rovo89, inaingia Zygote, pale ambapo kila apu inazaliwa, kwahiyo apu ikifunguka inakuta amri zishageuzwa njiani na faili lake halijaandikwa kitu, zima moduli (kile kiprogramu kinachobeba mageuzi), restati, yote yanarudi kama zamani. Na unachagua wewe moduli iguse apu gani, nyengine zote isizisogelee, hapo wallahi wamenimaliza.

Sasa moduli usibebe tu kwa kuwa watu wanaisifu. GravityBox kwa mfano ni kali sana lakini imeandikwa kwa Android tupu, na hizi kampuni zishavuruga mambo ndani, moduli inatafuta kitu kwa jina ambalo halipo tena, matokeo yake ile baa ya juu inaanguka inaamka inaanguka. Tafuta ilotajwa romu yako na toleo lake. Simu ikigoma kuwaka ingia sefu modi, yaani iwashe kwa vitu vyake vya msingi tu, Magisk inazima moduli zote, huna haja ya kulia.

Nyota ilokatwa: kuweka Magisk lazima ufungue butiloda, lile kufuli la programu inayowasha simu, na kuifungua kunafuta kila kitu kwenye simu, bekapu kwanza yakhe. Wa Samsung ndo muogope zaidi, Knox, ulinzi wake wa ndani, inaunguza fyuzi yake na hairudi hata ukirejesha romu ya asili. Alafu apu za benki nyingi zinakataa kwa sababu ya Play Integrity, ukaguzi wa Google unaotizama kama simu imechezewa, mie sijali natuma pesa kwa menyu ya nyota na reli, ila kama mshahara wako unautizamia kwenye apu basi hii simu isiwe ndo pekee ulonayo. Apdeti za kampuni nazo zinafuta Magisk, unaanza kubandika upya.

Na ukimpelekea fundi akurutie, mwambie akupe nakala ya buti yako ya asili kabla hujamlipa. Akianza kuzunguka maneno, chukua simu yako uondoke.