Eragon: Riwaya Inafaa, Filamu Haifikii

Nakala yangu ya riwaya ya Eragon niliinunua kwa shilingi 15,000 kwa muuza vitabu vya mitumba katikati ya Kampala, jalada likiwa limechanika pembeni, wala sijutii. Christopher Paolini alianza kuiandika akiwa na umri wa miaka 15, jambo linalodhihirika katika maelezo yake marefu kupita kiasi na katika kisa chenyewe, ambacho msomaji mzoefu ataona kimeazima mengi kwa waliomtangulia. Hata hivyo, kurasa ambazo kijana wa shambani analilisha kinda la joka kwa siri na kulijengea kibanda juu ya mti, likikua siku hadi siku mpaka likaweza kuzungumza naye akilini, zilimfanya mpwa wangu aache chakula cha jioni kipoe mezani.

Filamu ya mwaka 2006 imezifyeka kurasa hizo: joka hilo, aitwaye Saphira, anapaa mawinguni akiwa mchanga na kushuka akiwa mkubwa, kwa muda usiotosha hata kumenya ndizi moja ya matoke. Jeremy Irons, anayeigiza Brom, mzee anayemfundisha kijana huyo, anajitahidi, lakini maandishi aliyopewa ni mepesi. Kitabu kinunuliwe, filamu itazamwe tu pale ambapo umeme umerudi na hakuna jingine la kutazama.