Wakala wa safari hapa Moshi, wako poa ila uliza kila kitu

Nyota tatu. Niliwafuata wanipangie safari ya Galápagos, vile visiwa vya volkano, dada wa pale mezani akacheka, "kaka, mlima unao hapa dirishani unaenda kutafuta volkano nyingine?" ila alijipanga vizuri, akanifungulia ramani kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka kunionyesha visiwa viko kama kilomita 1,000 kutoka pwani ya Ekuador kwa hiyo lazima upitie Quito au Guayaquil. Shida hela. Bei waliyoniandikia haikuwa na kiingilio cha hifadhi, dola 200 kwa mgeni tangu Agosti 2024, nikaja kuiona mwenyewe usiku kitandani. Kurudi kuuliza eti "tulisahau". Kama laki tano hiyo, mnaisahauje jamani? Chai yao ya tangawizi lakini, tamu balaa.