Asidi na taa nyekundu usoni: huduma ya saluni moja ya Mwanga, Kigoma

Kinachoipa saluni hii alama za juu ni swali la mwanzo: unapaka mkorogo? Ngozi iliyodhoofishwa na haidrokwinoni au steroidi, dawa zinazotiwa kwenye mkorogo, haihimili asidi. Huungua, na palipoungua hubaki baka jeusi. Anayetumia retinoli (vitamini A ya kupaka) huambiwa aache wiki moja kabla.

Uso husafishwa mafuta, kisha vaselini hupakwa pembeni mwa macho, puani na midomoni. Asidi ya glikoliki ya asilimia 20, inayobandua ngozi iliyokufa, hukaa dakika 2 hadi 3, mhudumu akitazama saa, maji ya baikaboneti yakiwa tayari ya kuizima. Uso ukianza kufanya weupe kama umepakwa chaki, asidi imezama mno na inazimwa papo hapo, hata kama dakika hazijatimia.

Ngozi ikishapoa, mteja huvaa miwani na kukaa chini ya taa nyekundu ya LED, yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 630, kwa dakika 15. Inapunguza wekundu na uvimbe. Hii siyo leza wala IPL (mimweko ya mwanga mkali), ambazo zina joto. Kuziunganisha na asidi siku moja kwenye ngozi nyeusi ni kutafuta makovu.

Dosari ipo: taa ya buluu huwashiwa kila mtu. Inasaidia chunusi, lakini huweza kukoleza madoa ya ngozi nyeusi. Omba izimwe.

Losheni ya jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi ni lazima. Anayeshinda juani akianika dagaa Kibirizi asubiri kwanza.