Uzoefu wangu wa kuhamia HTML5: fomu kwanza, video baadaye

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza tovuti ya ofisi ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro hapa Moshi, iliyoandikwa kwa HTML 4.01, yaani toleo la Desemba 1999 la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, nami sikuona sababu ya kuigusa maadamu ilikuwa ikifunguka. Kilichonisukuma ni tarehe. Mgeni kutoka Marekani alijaza 05/06 kwenye fomu, sisi tukasoma 5 Juni, kumbe yeye alikusudia 6 Mei. Alipotupigia simu alikuwa ameshatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na wapagazi wetu walikuwa bado makwao Marangu.

HTML5, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iliipitisha rasmi Oktoba 2014, inalitatua jambo hilo kwa neno moja. Kwenye kisanduku cha tarehe, palipokuwa na type="text" (maandishi ya kawaida) nimeandika type="date", na sasa mgeni akigusa kisanduku hicho simu yake inamfungulia kalenda. Yeye anaiona tarehe kwa mpangilio wa kwao, lakini inayotufikia sisi huanza na mwaka, ikafuata mwezi, kisha siku, hata awe anatoka wapi. Neno required nalo huzuia fomu kutumwa ikiwa nafasi ya simu iko wazi. Ila type="email" haikuniridhisha, kwa sababu huipokea anwani kama a@b bila kulalamika, hivyo ukaguzi wa upande wa seva sikuuondoa.

Mstari wa kwanza wa ukurasa, ambao zamani sikuweza kuukariri nikawa nauhamisha kutoka faili moja hadi jingine, sasa ni <!DOCTYPE html> basi. Kazi iliyonichosha ni kupitia msururu wa div (tagi, yaani alama za HTML, zisizosema zimebeba nini) na kuweka nav (menyu), article (makala) na footer (sehemu ya chini) mahali pake. Kwa macho hakuna kilichobadilika, lakini programu inayomsomea kipofu ukurasa sasa inaweza kuruka menyu na kwenda moja kwa moja kwenye maelezo ya njia ya Machame.

Video ndiyo inayosifiwa zaidi, na kweli tagi yake imefufua picha zetu za mapambazuko ya kilele cha Kibo zilizokuwa zimekufa pamoja na Flash, programu ya zamani ya kuchezesha video, mwishoni mwa 2020. Wageni wetu wachache huzifungua. Mimi bado nahangaika na fomu: jana nimeongeza min, neno linaloweka tarehe ya mapema zaidi inayokubalika, ili mtu asichague siku iliyokwisha kupita.